Mara ya Pili Kizimbani

Mtaani walimwita Mzee Komeo, jina ambalo hakupewa na wazazi wake. Mtu hawezi kulinda mageti ya watu miaka thelathini na kitu halafu asiondoke na ugonjwa wake. Hata baada ya kuacha kazi na kuhamia chumba cha uani kwa binti yake, kila akipita mlangoni lazima aushike, ausukume, ahakikishe umefungwa, hata iwe mchana kweupe. Wachokozi walisema siku akifa atatangulia kufika mbinguni awafungie malaika nje. Mwenyewe alicheka nao, maana utani ule haukumgusa pabaya. Pabaya pake palikuwa ndani zaidi, na hakuna aliyepajua.

Binti yake alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na ndiye mtoto wake wa pekee. Alimlea mwenyewe tangu mama mtu alipofariki, akajifunza kusuka nywele kwa kuchungulia majirani wakisukana. Mwalimu alimheshimu baba yake hadi watu wakaona anazidisha. Akiwakanya wanafunzi juu ya udokozi, mfano wake ulikuwa huo huo: "Baba yangu amelinda mali za watu tangu sijazaliwa, na hajawahi kuleta nyumbani hata msumari usio wake." Ilikuwa kweli. Mzee Komeo hakuwahi kuiba kitu.

Jumamosi moja asubuhi, Mwalimu yuko shuleni kwa masomo ya ziada, mzee ameketi uani anapiga rangi viatu vya wajukuu, geti likagongwa. Mgeni alikuwa mwanamke kijana, amevaa koti jeusi lililopauka mabegani, faili la plastiki kwapani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Mwalimu hayupo, lakini..."

"Nimekuja kwako."

Akapewa kigoda, akakaa. Akajieleza kwamba yeye ni wakili, na ofisi yao inawatetea watu waliowahi kuuzwa na kutumikishwa. Halafu akauliza, kwa sauti ile ile ya kusalimia, "Wewe ndiye uliyekuwa mlinzi wa kile kiwanda cha mashuka, nyuma ya maghala ya saruji?"

Brashi ikasimama juu ya kiatu.

"Zamani sana hiyo."

"Miaka kumi na tisa." Wakili alitoa karatasi yenye mihuri, akampa. "Na hii sahihi ni yako?"

Mzee hakuhitaji miwani. Sahihi yake aliijua, ile herufi moja kubwa na mkia mrefu. Juu yake palikuwa na maneno machache yaliyopigwa taipu: kwamba yeye, shahidi wa pili wa upande wa mashtaka, alimkamata mshtakiwa getini akitoroka, na kwamba alipompekua begi alikuta bangili ya dhahabu ya mwajiri.

"Bunge limepitisha sheria mpya juu ya kuuza watu," wakili akasema. "Umeisikia redioni?"

"Nasikia juu juu."

"Haikuishia kwenye kuwafunga wauzaji. Imewakumbuka na waliouzwa. Kuna kifungu kinasema, mtu aliyetiwa hatiani kwa jambo lililotokana na kuuzwa kwake anaweza kuomba mahakama ifute ile hukumu. Lakini lazima alete ushahidi. Bosi wenu amekufa. Wale wasichana wengine wametawanyika, wawili tunajua wameshafariki. Umebaki wewe."

"Mimi nilikuwa mlinzi tu, mwanangu. Niliambiwa funga, nikafunga."

Wakili hakukasirika, na mzee akatamani angekasirika. "Siwezi kukuficha. Kumfungia mtu ndani kulikuwa kosa hata wakati ule. Kudanganya ukiwa umekula kiapo, vilevile. Tofauti ni kwamba zamani hakuna aliyefuatilia, na sasa kuna kitengo kizima kimewekwa na sheria kwa kazi hiyo. Mwendesha mashtaka anaweza kukuacha, anaweza asikuache. Sina ahadi ya kukupa."

"Kwa hiyo unataka nijifunge kamba mwenyewe."

"Naomba useme kweli."

Mzee akatazama viatu. Kimoja kinang'aa, kingine bado. "Yule binti yuko wapi siku hizi?"

"Yupo hapa hapa mjini. Kwao alishindwa kurudi, jina la wizi lilitangulia kufika. Ameomba kazi hospitali mara tatu, ya usafi tu, na kila mara wanataka cheti cha polisi. Kila mara cheti kinasema mwizi."

Alipoondoka aliacha kadi ya ofisi juu ya kigoda. Jioni Mwalimu akarudi, na kwa kuwa mtaa hauna siri, alikuwa ameshaambiwa.

"Baba, nasikia ulikuwa na mgeni."

"Watu wa mafao," mzee akasema. "Wamekosea nyumba."

*

Kile kiwanda kwa nje kilikuwa nyumba kama nyumba nyingine, ukuta mrefu na geti la bati lililopakwa rangi ya kijani. Ndani ya banda refu kulikuwa na vyerehani kumi na viwili, na kwenye kila cherehani msichana. Walishona mashuka na foronya za hoteli. Kilichowaleta mjini ni ahadi ya kazi ya hoteli, kwa hiyo mwanamke mwenye kiwanda, waliyemwita Madamu, alikuwa na mzaha wake: "Si nyie mlitaka hoteli? Hoteli hizo, mmezishika mkononi." Vitambulisho vyao alivifungia kwenye kabati chumbani kwake. Walilala kwenye banda hilo hilo, juu ya marobota ya vitambaa, na vumbi la pamba liliwakaa kwenye kope hadi wakaonekana vizee.

Mshonaji aliyekaa karibu na dirisha ndiye aliyezoea kumsemesha mlinzi. Alimwita baba. "Baba, leo mvua itanyesha?" "Baba, mwanao amefaulu?" Mlinzi alimjibu, kwa nini asimjibu? Alikuwa mtu wa watu. Mara moja moja aliwapitishia ndizi kwenye nondo za dirisha, akajiona ana roho nzuri. Kisha akazunguka mbele, akatia kufuli.

Siku ya tukio lilikuja lori la kuchukua mzigo. Geti likawa wazi, wapagazi wanaingia na kutoka, na yule mshonaji akajitwika robota kichwani kama mmoja wao, akatoka. Mlinzi akamwona. Alikuwa ameshafika hatua ishirini nje, robota ameshalitupa, anakimbia kwa miguu isiyozoea kukimbia. Angemwacha, nani angejua? Angesema alikuwa anahesabu mizigo. Lakini miguu yake ilitoka yenyewe, na mkono wake ukamdaka yule binti juu ya kiwiko.

"Baba," yule binti akasema, "niache. Jifanye hukuniona."

Akamrudisha.

Madamu hakumpiga. Alichofanya ni kuvua bangili mkononi mwake, akaitia kwenye begi la msichana mbele ya macho ya mlinzi, taratibu, kama anayetia chumvi kwenye chungu, kisha akapiga simu polisi. Wengine kumi na mmoja waliona kinachompata anayetoroka, na hakuna aliyejaribu tena. Maneno ya kusema mahakamani mlinzi alifundishwa kwa siku mbili, akayasema kwa dakika tano. Msichana alikuwa mbele yake kizimbani, amesimama wima, anamtazama kana kwamba bado anangoja aseme kitu kingine. Akapewa miaka minne. Mlinzi akarudi getini, na mwezi uliofuata Mwalimu, akiwa darasa la sita, akapelekwa, kwa mshahara wa geti lile, kwenye ziara ya shule aliyokuwa akiililia.

*

Wiki tatu mzee hakula vizuri. Alisingizia meno. Alianza kusahau kufunga milango, na wajukuu wakamcheka, "Babu, leo komeo limekwenda wapi?" Mwalimu alitaka kumpeleka hospitali akakataa. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mzee alijua kwamba maradhi yake hayatibiki kwa vidonge.

Siku moja akajikongoja mwenyewe hadi ofisi ya wakili, chumba kimoja juu ya duka la vifaa vya umeme.

"Naomba kuonana naye kwanza," akasema. "Nimwombe radhi. Nikishamwomba radhi nitakwenda popote mnapotaka."

Wakili akatikisa kichwa. "Nilimuuliza. Hataki kukuona. Anasema radhi yako ni ya kukusaidia wewe. Yeye anataka maneno yako tu, yaandikwe, yapigwe muhuri."

Mzee akaweka mikono kwenye magoti. Chini mtu alikuwa anajaribu redio, anaongeza sauti na kupunguza. Mwishowe akasema, "Haya. Andika."

Alibaki na mlima mmoja, binti yake. Alimngoja jioni hadi watoto walipotoka kwenda kucheza, Mwalimu yuko mezani anasahihisha madaftari. Akamwambia yote, tangu lori hadi bangili. Hakujipunguzia. Mwalimu alisikiliza kalamu ikiwa imesimama hewani, na baba yake alipomaliza, yeye akauliza swali moja tu.

"Nilikuwa darasa la ngapi?"

"La sita."

Mwalimu akaifunga kalamu. Mzee alijiandaa kwa machozi, kwa matusi hata. Moyoni alikuwa na tumaini la siri kwamba binti yake, aliyewafundisha watoto wa wenzake kusema kweli hata ikiuma, atamwambia nenda baba, na neno hilo litamshika mkono hadi mahakamani.

"Usiende," Mwalimu akasema.

"Nini?"

"Usiende, baba. Huyo Madamu amekufa. Huyo dada kifungo alishamaliza. Utarudisha miaka yake? Hutarudisha. Utajimaliza wewe tu, na mimi, na hawa watoto. Unajua wazazi watasema nini? Mwalimu huyo huyo wa usidokoe, usidanganye." Akasukuma madaftari pembeni. "Wewe ulikuwa mlinzi tu. Uliambiwa, ukafanya."

Mzee alimtazama mwanawe, na hofu ikamwingia ambayo hata habari za polisi hazikuwahi kumtia. Yale yalikuwa maneno yake, neno kwa neno, na yalitoka kwa mtu aliyemlea ili asije akayahitaji.

"Mwanangu," akasema polepole, "usiseme hivyo. Mimi nimesema hivyo miaka kumi na tisa, na tazama nilivyo."

Hawakuongea tena usiku ule, wala siku mbili zilizofuata.

*

Asubuhi ya kesi, shati lake jeupe hakuliona kwenye kamba wala sandukuni. Hakuuliza. Alivaa la kila siku, lenye kifungo kimoja kilichoshonwa kwa uzi wa rangi nyingine, akatoka. Mwalimu alikuwa jikoni amempa mgongo.

Chumba cha mahakama kilikuwa kidogo, feni imekufa, madirisha yamefungwa kwa sababu ya kelele za barabarani. Sheria mpya inasema aliyeuzwa asilazimishwe kutazamana na waliomtesa, kwa hiyo mwombaji alikaa nyuma ya pazia la kitambaa lililovutwa pembeni. Pazia lilikuwa fupi. Kutoka kizimba cha mashahidi, mzee aliona miguu ya mwombaji tu, viatu vya bei rahisi vilivyosafishwa vizuri, kimoja juu ya kingine.

Hakimu, mwanamama mwenye miwani mikubwa, alimwonya kabla hajaapa. "Mzee, unaelewa kwamba hulazimiki kusema jambo litakalokutia hatiani?"

"Naelewa, mheshimiwa."

"Na bado unataka kusema?"

"Nimechelewa kusema, mheshimiwa. Niache niseme."

Akasema. Safari hii hakufundishwa na mtu, kwa hiyo hayakutoka kwa mpangilio. Alianzia kwenye mvua, akaruka kwenye vitambulisho, akarudi kwenye lori. Alipofika kwenye bangili, karani alimwomba arudie, naye akarudia: "Niliiona ikitiwa. Haikuwa ya kuibwa. Msichana yule alitoka na robota na roho yake, basi."

Mwendesha mashtaka wa serikali akasimama. "Ulijua hawaruhusiwi kutoka?"

"Nilijua."

"Ulijuaje?"

"Mimi ndiye niliyekuwa nafunga."

"Aliwahi kukuomba msaada?"

Miguu chini ya pazia ikaachana, ikakanyaga sakafu yote miwili. "Aliniomba nijifanye sikumwona. Hakuniomba kingine. Nikashindwa hata hicho."

Hakimu aliandika kwa muda mrefu. Kisha akasoma: kwamba mahakama imeridhika mwombaji alikuwa ameuzwa na kutumikishwa, kwamba kesi ile ya wizi ilikuwa sehemu ya kumfunga mdomo, kwamba hukumu inafutwa, na kumbukumbu zote zisahihishwe ndani ya siku thelathini. Dakika tano hazikutimia. Hakuna aliyepiga makofi. Nyuma ya pazia ilisikika pumzi moja nzito, kama ya mtu aliyetua mzigo na kugundua kwamba mgongo umeshapinda.

Nje kwenye ujia, askari wa kile kitengo kipya alikuwa anamngoja mzee, kwa adabu, amekunja mikono. Kabla hajafika kwake, mlango wa pili ukafunguka, na mwombaji akatoka na wakili wake. Mzee asingemtambua. Alikuwa mama mtu mzima, mvi zimechungulia pembezoni mwa kitambaa. Yeye ndiye aliyesimama.

"Mama yangu alikufa nikiwa na miezi saba gerezani," akasema. Sauti yake haikupanda. "Aliambiwa mwanao ni mwizi, na mlinzi, mtu mzima, ameapa kwa Mungu. Akaamini, kwa nini asiamini? Hiyo karatasi ya leo, nani atampelekea?"

Mzee akatazama vile viatu vilivyosafishwa vizuri.

"Nilidhani ukisema nitasikia nafuu," yule mama akasema, zaidi kwa wakili kuliko kwake. "Twende."

Wakaenda.

*

Mzee alikiri mashtaka yote mawili, la kufungia watu ndani na la kudanganya chini ya kiapo, hakutaka wakili wa kumpunguzia. Hakimu mwingine alisema umri wake na kujitokeza kwake vimezingatiwa, akampa mwaka mmoja na nusu. Gazeti liliandika mistari michache, bila picha. Ilitosha. Shuleni mtu alichora kufuli ubaoni kabla Mwalimu hajaingia darasani. Yeye akalifuta, akaandika tarehe, akaanza somo la hesabu. Muhula uliofuata aliomba uhamisho, akakataliwa.

Miezi minne hakwenda kumwona baba yake. Wa tano akaenda. Walikaa wakitazamana kupitia waya, mzee amepungua mashavu, kichwa kimenyolewa. Mwalimu alikuwa amemletea sabuni na dawa ya meno.

"Watoto wazima?"

"Wazima. Mdogo ameng'oka jino."

"La mbele?"

"La mbele."

Meza za jirani watu walikuwa wanaongea wote kwa pamoja, kila mmoja akipandisha sauti ili asikike.

"Shati lako nililificha mimi," Mwalimu akasema.

"Nilijua."

"Sijui kama nimekusamehe, baba. Na sijui ni lipi hasa ninalotakiwa kusamehe, lile la zamani au hili la kulisema." Alifungua mkoba, akatoa daftari la shule na kalamu. "Yule wakili alikuja shuleni. Anasema wengine bado anawatafuta. Sheria imetenga ofisi ya kuwasaidia, matibabu, ushauri, mpaka nauli ya kurudi kwao, lakini hawajui waanzie wapi. Anauliza unamkumbuka nani. Majina, makwao, chochote."

Mzee akafumba macho. Alijaribu kupita tena mbele ya banda, dirisha kwa dirisha. Sura zilikuja, majina hayakuja, maana hakuwahi kuyauliza.

"Kuna mmoja alikuwa anakohoa," akasema hatimaye. "Mfupi. Alikuwa na kovu la moto hapa, chini ya sikio. Alikuwa akisema kwao kuna mto, na daraja la kamba, na baba yake ni fundi seremala anayetengeneza majeneza."

Mwalimu aliandika. Mwandiko wake wa ubaoni, herufi zimesimama wima.

"Sikio la kushoto au la kulia?"

"Kushoto. Ngoja." Mzee aligusa shingo yake mwenyewe, huku na huku. "Kulia."

Mwalimu akakata, akaandika upya. "Mwingine?"

Askari akapiga kengele, muda umekwisha, watu wakaanza kuinuka. Mzee akaanza kusema upesi upesi juu ya ndugu wawili waliokuwa wanafanana, na Mwalimu, ameshasimama, mkoba begani, akaendelea kuandika.